Kiti cha Mwakilishi na Sweta Langu la Kufuma

Naanza kwa kukiri, maana hakuna njia nyingine: mimi ndiye yule mwanamke wa kwenye video. Yule anayekimbia kutoka ukumbini pale Iringa huku akiburuta kitambaa chote cha meza kuu, satini nyeupe yenye mikunjo ya bluu, kama bibi harusi aliyebadili mawazo dakika ya mwisho, na nyuma yake chupa za maji zinadondoka moja baada ya nyingine, na mgeni rasmi amesimama mikono juu, suruali imelowa mahali ambapo suruali ya mgeni rasmi haitakiwi kulowa. Ndiyo, ni mimi. Hapa sokoni Mwanjelwa, Mbeya, wauza nyanya wameshanibatiza, wananiita Mama Meza Kuu, na nikikatiza kati ya meza zao kuna mmoja hushika turubai lake kwa mikono miwili na kupiga kelele, "Shikilieni, anapita!" Siku hizi nacheka nao. Wiki ya kwanza sikucheka, nilifunga kibanda nikalala.

Lakini video ile inaanzia katikati, na mimi ni mtu wa mpangilio, siwezi kuvumilia habari isiyo na mwanzo. Kwa hiyo nitaisimulia mwenyewe kwa mfuatano wake. Mcheke mnapotaka kucheka, ila kuna mahali nitaomba mkasirike kidogo, maana mimi bado nimekasirika.

Naitwa Sekela, nina miaka thelathini na saba, na nina kibanda cha kuchapa na kutoa kopi, mlango wa tatu kutoka kwa fundi saa. Sifa yangu mjini ni moja: nachapa kama ilivyo. Ukiniletea mkataba, risala, barua ya kuomba likizo au barua ya kuachana, nachapa kilichoandikwa, siongezi wala sipunguzi, na margini zangu zimenyooka. Pia nina usonji. Nililijua hilo nikiwa na miaka ishirini na tisa, kwa daktari, baada ya maisha mazima ya kuitwa mwenye kiburi, mwenye mapepo, na (hii ni ya shangazi yangu) "mtoto aliyekosa viboko", wakati viboko nilipata vya kutosha mimi na majirani wawili.

Siku moja akaingia kibandani mama mmoja nadhifu, Bi Agripina, mratibu wa mradi wa utafiti wa usonji kwa mikoa yetu miwili, Mbeya na Iringa. Alitaka kadi za kuweka mezani, zile ngumu zinazokunjwa katikati, za mkutano wa kukubaliana fedha za utafiti zitumike kutafiti nini. Akaniachia orodha. Mgeni rasmi alikuwa na jina lake na cheo chake. Daktari alikuwa na jina lake. Mchungaji, jina. Mfadhili, jina refu la kigeni ambalo nililihakiki mara tatu. Kadi ya mwisho haikuwa na jina. Iliandikwa tu: MWAKILISHI WA WATU WENYE USONJI.

"Hii haina jina," nikamwambia.

"Wewe andika hivyo hivyo, mama."

Nikaandika hivyo hivyo. Na nilipokuwa naikunja, kitu kikanipanda kifuani, furaha fulani ambayo sikuizoea nikiwa kazini. Kwa miaka yote niliyochapa kadi za meza kuu za harusi, za vyama, za makanisa, hii ilikuwa ya kwanza kutuhusu sisi. Tena kwenye barua ya mwaliko, ambayo nayo nilitoa kopi zake, palikuwa na mstari unaosema watu wenye usonji wanakaribishwa kushiriki na kutoa maoni yao. Kwa hiyo asije mtu akasema nilijialika. Nilikuwa na mwaliko nilioutoa kopi kwa mkono wangu.

Hapo lazima nimtaje Ezekia. Tuna kundi letu dogo kwenye simu, watu wazima sita wenye usonji, baadhi wa Mbeya, baadhi wa Iringa, na Ezekia ni wa Rujewa, katikati. Wazazi wake walihamia huko bonde la Usangu na ng'ombe wao kutoka Shinyanga kabla hajazaliwa. Anafanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga, anashona midomo ya magunia, na hashoni gunia likapinda. (Watu humuuliza anavumiliaje kelele ya mashine. Yeye anasema mashine ina sauti moja tu siku nzima, wanaomchosha ni watu.) Ezekia hasemi kwa mdomo. Anaandika kwa simu, na anaandika haraka kuliko mimi ninavyosoma.

Nilipotuma habari ya mkutano, kundi zima liliamka. Tukakubaliana kupeleka maswali matatu tunayotaka yafanyiwe utafiti kwa fedha hizo. La kwanza, kwa nini tukienda hospitali daktari anamuuliza aliyetusindikiza tunaumwa wapi. La pili, watoto wetu wafundishweje katika darasa lenye kelele. La tatu lilikuwa la Ezekia, na naliweka kama alivyoliandika: "Mama yangu ana presha na amezeeka. Yeye ndiye anajua nikinyamaza nina maana gani. Siku akifa, mtu kama mimi anaishi wapi, na nani, na anaishije vizuri? Nani anatafiti hilo?"

Halafu akaongeza, "Dada Sekela, liulize hilo hata kama mengine yatakosa muda."

Nikamwahidi. Ahadi ndiyo iliyonipeleka Iringa.

Nilifika mapema, na nilikuwa nimevaa sweta langu la kufuma, la kijani, la sufu nene yenye matundu makubwa, maana Iringa asubuhi ile ilikuwa na baridi ya kukata masikio. Likumbukeni hilo sweta. Mlangoni palikuwa na binti wa mapokezi, mchangamfu, na meza yenye karatasi mbili za kusaini.

"Kamwene, dada," akanisalimu kwa Kihehe. " Umekuja na nani?"

"Nimekuja peke yangu."

"Mtoto yuko wapi?"

"Sina mtoto. Mimi mwenyewe nina usonji."

Yule binti akatazama juu ya kichwa changu, kisha nyuma yangu, akimtafuta aliyenileta. Alipomkosa akanisogezea karatasi ya pili. Nikaona utaratibu wao, na naomba muuone kama nilivyouona: waliosaini karatasi ya kwanza, ya wadau, walipewa daftari na kalamu. Sisi wa karatasi ya pili tulipewa puto. Puto la bluu, limefungwa uzi, na binti akanifunga mkononi kabla sijasema kitu. "Mtayarusha nyote mwishoni na mgeni rasmi," akasema, "mtapendeza!" Miaka thelathini na saba, nina leseni ya biashara, nimefungwa puto.

Tukaelekezwa kukaa nyuma, chini ya spika. Nani alifikiria kuwaweka watu wenye usonji chini ya spika, sijui, ila nilichunguza ukumbi mzima nikakuta hapakuwa na mahali penye kelele zaidi ya hapo. Palikuwa na akina mama kadhaa na watoto wao wenye maputo. Mmoja alikuwa amemziba mwanawe masikio kwa viganja, na yeye mwenyewe hana wa kumziba. Nikakaa dakika chache. Muziki wa kukaribisha wageni ukapigwa, na kila pigo la ngoma likawa linaingia kwenye meno yangu. Nikainuka kutafuta kiti kingine, na ndipo nikaiona, mbele kabisa, kwenye meza kuu iliyopambwa, ile kadi yangu. Nimeikunja mwenyewe, naijua. MWAKILISHI WA WATU WENYE USONJI. Na kiti chake kitupu.

Nikahesabu ukumbini watu wazima wenye usonji. Nikapata mmoja. Nikaenda nikakaa.

Huo ndio uamuzi wenyewe, mdogo hivyo. Nadhani mtu mwingine angejua. Mtu mwingine ana kitu fulani kichwani kinachomwambia kwamba kadi ya meza kuu haimaanishi inachosema, kwamba kiti kama kile kimeshagawiwa wiki mbili kabla, kwenye simu, kati ya watu wanaojuana. Mimi sina kitu hicho. Mimi nilisoma kadi.

Na hakuna aliyenizuia! Ukikaa meza kuu hakuna anayekuuliza, kila mtu anadhani mwenzake anakujua. Mchungaji akanipa mkono. Daktari akanisogezea chupa ya maji, akalitazama puto langu, akaamua kutoliuliza. Mgeni rasmi (mkubwa mmoja, ofisi yake sitaitaja) akaingia, tukasimama wote, akakaa kiti cha pili kutoka kwangu. Nikatoa karatasi yangu ya maswali matatu nikainyoosha juu ya satini. Niliona kwamba mpambaji ameishikilia satini ile kwa pini nyingi pembeni mwa meza, vichwa vyeupe vimepangwa vizuri, nikampongeza moyoni. Sikuziona ncha zake zilikoelekea.

Mshereheshaji akaanza utambulisho. Kijana mwenye suti ya kung'aa, sauti kubwa, itifaki yote anaijua. Akamtaja huyu, anasimama, makofi. Akamtaja yule, makofi. "Na sasa, ndugu zangu, kiungo muhimu kuliko vyote siku ya leo, sauti ya wasio na sauti, mwakilishi wa watu wenye usonji..."

Nikasimama. Nikapunga mkono. Puto likapunga nalo.

"...mzee wetu, Mzee Lukelo!"

Ukumbi ukacheka, kicheko kile cha kuanzia nyuma kinakuja mbele kama maji. Mlangoni alikuwa amesimama mzee mmoja mwenye kofia ya pama na fimbo nzuri, amechelewa, anatafuta kiti chake, na mbele ya kiti chake nilikuwa nimesimama mimi nikipunga mkono.

Mshereheshaji akanisogelea, akasahau kuzima kipaza sauti. "Dada yangu, samahani, hicho kiti kina mwenyewe."

"Kadi inasema mwakilishi wa watu wenye usonji."

"Ndiyo, ni Mzee Lukelo huyu hapa. Ni mwenyekiti wa kamati ya mradi."

"Mzee ana usonji?"

Wallahi nilikuwa nauliza ili nijue. Kama anao, nilikuwa tayari kuinuka hapo hapo na kumwomba radhi, tena ningefurahi tumekuwa wawili. Lakini mzee alishafika karibu, na swali akalijibu yeye mwenyewe, na kipaza sauti kikalichukua jibu lake kikalipeleka mpaka barabarani.

"Mimi? Mungu apishe mbali!"

Watu wakacheka tena. Mimi ndipo nilipoacha kuona aibu na kuanza kuona kitu kingine. Mtu anayetusemea, anayekalia kiti chetu, fedha za utafiti wetu zinapita mbele yake, ameulizwa kama ni mmoja wetu, na amejibu kama aliyeulizwa kama ni mwizi. Na nyuma kule chini ya spika watoto walikuwa wamekaa na maputo yao, wanasikia.

"Basi mimi sitoki," nikasema. "Mimi ninao."

Mshereheshaji akatabasamu lile tabasamu la kumwonea mtu huruma, akainua kipaza sauti. "Tunaomba mlezi wa huyu dada, kama yupo ukumbini, aje amchukue tafadhali. Mlezi wa dada mwenye sweta la kijani."

Kama mwanambuzi aliyepotea mnadani. Hakuna aliyekuja, bila shaka, maana mlezi wangu alikuwa amekaa palepale amevaa hilo sweta.

"Mlezi wangu ni mimi," nikasema, "na nimekuja na maswali matatu," nikaiinua karatasi, na hapo ndipo Bi Agripina alipofika nyuma yangu kimyakimya na kunishika kiwiko. Alinishika kwa upole, sitamsingizia. Lakini mimi nikishikwa bila kuambiwa mwili unafanya kazi yake kabla yangu. Nikavuta mkono. Puto likashuka na mkono, likagonga ukingo wa meza, likakutana na pini.

Mlipuko wa puto, karibu na kipaza sauti, ukapitia spika zote za ukumbi.

Sikumbuki kuamua kukimbia. Nakumbuka niko wima, nakumbuka miguu inakwenda, na nakumbuka kuhisi kwamba kuna kitu kizito kinanifuata na nikiongeza mwendo nacho kinaongeza. Zile pini zilikuwa zimenasa matundu ya sweta langu nilipojivuta nikaiegemea meza, pembeni yote, kuanzia kiunoni hadi kwapani, na satini ikawa imeamua kusafiri na mimi. Yakaja maua. Zikaja chupa. Ikaja kadi ya mfadhili ya jina refu. Jagi la juisi ya ukwaju halikuja, lilibaki mapajani mwa mgeni rasmi. Nikasikia mtu anasema kwa sauti ya mshangao wa kweli, "Anaondoka na meza!" na nikaona simu zimeinuliwa kushoto na kulia kama naingia kanisani, na nikatoka nje kwenye ngazi, na ngazi ya pili satini ikaninasa miguu, nikakaa chini kwa kishindo. Nikalia. Nalisema kwa sababu nimeahidi mfuatano kamili.

Aliyenifuata nje alikuwa yule mama aliyekuwa amemziba mwanawe masikio. Alitoka kwa ajili ya kelele, siyo kwa ajili yangu, lakini aliponikuta akamkalisha mtoto kando, akapiga magoti, akaanza kuchomoa pini moja moja kwenye sweta, akizichoma kwenye kanga yake zisipotee.

"Pole, dada," akasema. "Ila umewapatia."

"Nimeharibu."

"Umeharibu na umewapatia."

Ndani ya mikunjo ya satini palikuwa na vitu vilivyosafiri nami: ua moja, kalamu, na faili la bluu. Faili lilikuwa limefunguka. Mimi ni mchapaji, siwezi kuiona karatasi iliyochapwa nisiitazame, na kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba margini zimepinda, siyo kazi yangu. Cha pili nilichokiona ni kichwa cha habari: MAAZIMIO YA MKUTANO. Mkutano ambao, kwa wakati ule, ulikuwa haujavuka utambulisho. Palikuwa na maelezo kwamba fedha zote zitaelekezwa kuchukua damu za familia ili kutafuta chanzo cha usonji, na chini yake mstari huu, nimeushika kwa moyo: "Wadau wote, wakiwemo watu wenye usonji, wamejadili kwa kina na kuridhia kwa kauli moja." Pa kusaini mgeni rasmi, pa kusaini mwakilishi, tarehe ya siku ile.

Nikamsomea yule mama kwa sauti. Akasimamisha mkono wenye pini.

"Wameridhia nani?"

"Wote. Na sisi."

"Mimi nimeridhia saa ngapi? Hata chai sijanywa!"

Naomba nieleweke. Sina ugomvi na damu. Anayetaka kujua chanzo na atafute, huenda siku moja kikatufaa kwa jambo. Lakini Ezekia anajua alikotoka. Asichokijua ni anakokwenda, na amekiuliza kwa lugha nyepesi kabisa, na watu waliolipwa kusikiliza walikuwa wameshaandika kwamba wamemsikia, na kwamba amekubali.

Nikafuta macho. Nikakikunja kitambaa, pembe kwa pembe, maana kitambaa ni cha mpambaji na hakina kosa, nikaweka faili juu yake, na nikarudi ndani. Huo ulikuwa mwendo mrefu kuliko wa kutoka. Video haina sehemu hii. Aliyekuwa anarekodi alikuwa ameshapata alichotaka.

Meza kuu bila kitambaa ilikuwa meza nne za shule zilizounganishwa, zimeandikwa majina ya wanafunzi kwa wembe. Mzee Lukelo alikuwa ameshakaa. Nikaweka kitambaa mbele ya mgeni rasmi, ambaye alikuwa amefunikwa mapaja kwa kanga ya mtu, nikasema, "Shikamoo mheshimiwa. Samahani kwa suruali. Faili lenu hili. Humu mmeandika kwamba tumekubali, na bado hatujaulizwa. Naomba kuuliza swali moja, si langu, ni la mtu."

Mshereheshaji akanyoosha mkono kunizuia. Mgeni rasmi akamtazama, akanitazama, akaitazama kanga. "Mpeni dakika moja," akasema, kwa uchovu wa mtu ambaye hakuna kibaya zaidi kinachoweza kumpata siku hiyo.

Nikaacha maswali mawili. Nikasoma la Ezekia, kama lilivyo, sikuongeza wala sikupunguza. "Siku akifa, mtu kama mimi anaishi wapi, na nani, na anaishije vizuri? Nani anatafiti hilo?"

Ukumbi ulinyamaza. Kimya kile nilikipenda, nikajua swali limefika. Yule mama wa ngazini alikuwa amesimama mlangoni na mwanawe, na pini zote kifuani, na uso wake ulikuwa umekunjamana kama aliyesomewa barua yake mwenyewe. Daktari aliinamisha kichwa. Mtu akifungua mdomo sasa, nikawaza, itakuwa ni kujibu.

"Jamaniii!" akapaza mshereheshaji. "Tumpigie dada yetu makofi ya kilo tatu kwa ujasiri wake! Moja, mbili, tatu!"

Pa, pa, pa. Ukumbi mzima ukapumua. Ukawa umeokolewa. Wakapiga tena, wakatabasamu, mwanamke mmoja akafuta chozi, na swali la Ezekia likafunikwa pale pale na makofi, na nilikuwa nimesimama nalitazama linavyofunikwa. Nikarudishwa nyuma, chini ya spika. Mzee Lukelo akashukuru kwa niaba yetu. Mgeni rasmi akasaini maazimio kwenye meza ya wanafunzi, juu ya jina la mtu, na chai ikatangazwa.

Nikiwa kituo cha basi simu ikalia, Ezekia.

"Umeuliza?"

"Nimeuliza."

"Wamejibu nini?"

"Wamepiga makofi," nikaandika.

Alichelewa kujibu, yeye asiyechelewa. "Mama ameniuliza hivyo hivyo," akaandika mwishowe. "Nimwambieje?"

Mpaka leo swali hilo linaniuma kuliko video. Aibu ya satini ni yangu, nimeibeba, inapungua. Ile nyingine, ya kumwacha bila jibu, siyo yangu, na sijamwona anayeibeba.

Sasa sikilizeni ya mwezi uliopita. Bi Agripina ameingia kibandani. Hakunitazama vizuri, nami sikumtazama vizuri, tukaamkiana kwa heshima. Kuna mkutano wa pili, wa fedha za awamu inayofuata, mara hii hapa Mbeya. Akaweka orodha mezani. Majina, vyeo, yaleyale. Na ya mwisho, bila jina.

Nikachapa zote. Ya mwisho nikaichapa nikamkabidhi aihakiki, kama ninavyowapa wateja wote. Ilisomeka: MZEE LUKELO, MWAKILISHI WA WATU WENYE USONJI, AMBAYE HANA USONJI.

Akaisoma. Nikaona masikio yake yanabadilika rangi.

"Sekela, huwezi kuniandikia hivi."

"Kuna kosa mahali, mama? Nisahihishe?"

Akatafuta kosa. Nilimwacha alitafute, nikapanga karatasi zangu. Nje fundi saa alikuwa anagonga kitu kidogo kidogo.

"Hakuna kosa," akasema taratibu. "Ila haiwezi kukaa mezani."

"Ndiyo maana na mimi nauliza. Hii ya mwisho kwenye orodha haina jina. Jina la nani?"

"Wewe ungeandika nani?"

"Ezekia wa Rujewa. Hasemi kwa mdomo, wekeni mtu wa kumsomea anachoandika. Spika ziwe mbali. Maazimio yaandikwe mkutano ukiisha. Na msimfunge puto."

Akasema atalipeleka juu, wataona. Akachukua kadi zote, hata ile ya Mzee Lukelo, akaitia ndani ya mkoba kando na zingine, na hajarudi bado. Sijui juu wamesema nini. Nimeshachapa kadi ya Ezekia hata hivyo, karatasi bora niliyo nayo, imesimama kwenye kioo cha kaunta, na mteja akiuliza huyu ni nani namweleza, namsomea na swali.

Kwa upande wangu nimeapa mawili. Kadi isiyo na jina haitoki tena kwenye mashine yangu, hata aje nani. Na siku Ezekia atakapokaa meza kuu nitakuwa nyuma ya kiti chake, bila sweta, hata kama Mbeya itaamka na barafu.